Mhandisi Lusungu Mwaikenda, Aliyesimama Mlangoni pa Chumba cha Gesi

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, masheikhe mliofika kutoka Kyela mjini, wafanyakazi wa bandari, na majirani zetu wa Matema, Ikombe, Ipinda na Makwale, familia ya Mwaikenda inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu leo, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, mkaja kukaa nasi chini. Yapo mambo katika maisha ya ndugu yetu ambayo wengi mmeyasikia nusu nusu, sokoni na barabarani, na yeye mwenyewe alituomba kwamba siku tutakapoyasoma tusiyapunguze wala tusiyapambe, hivyo tunaomba mtuvumilie kidogo.

Lusungu Sylvester Mwaikenda alizaliwa hapa Matema tarehe 9 Juni 1978, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Sylvester Mwaikenda, mkulima wa mpunga aliyetutoka mwaka 2010, na Mama Veronika, mzaliwa wa Ikombe, tuliye naye hapa mbele, ambaye wengi wenu mnapikia vyungu vilivyofinyangwa na mikono yake. Mwaka huo mvua zilichelewa kukatika, mto Lufilyo ulikuwa umefurika na mkunga akashindwa kuvuka, kwa hiyo mtoto alipokelewa na bibi yake, na bibi ndiye aliyempa jina hilo la Lusungu, maana yake huruma. Alibatizwa katika usharika wetu wa Matema mwezi Agosti mwaka huo huo.

Alisoma Shule ya Msingi Matema kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na masomo ya sekondari hapa wilayani Kyela hadi mwaka 1996, kisha kidato cha tano na cha sita jijini Mbeya, akamaliza mwaka 1999. Siku za likizo alikuwa akimsaidia mama yake kuvusha vyungu kwa mtumbwi kutoka Ikombe kwenda gulio la Lyulilo, na mama anakumbuka jinsi alivyokuwa akichukia utando wa mafuta ulioachwa na meli juu ya maji, utando ule uliogeuka rangi rangi kwenye jua, akiuliza kama usipa, wale dagaa wa ziwani, wanaokunywa maji yale hawaumwi matumbo. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha mabaharia Dar es Salaam, akahitimu uhandisi wa mitambo ya meli mwaka 2003, na mwezi Januari 2004 akaanza kazi bandarini Itungi, katika chumba cha injini cha meli ya abiria ya ziwa letu.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa takatifu na Naomi, binti wa familia ya wakulima wa kakao wa Makwale, mwalimu wa shule ya msingi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Atupele aliyezaliwa mwaka 2005, Godwin aliyezaliwa mwaka 2009, na Anyitike aliyezaliwa mwaka 2014. Naomi alikubali kuolewa na mtu wa meli akijua atakuwa mjane wa muda mara nyingi, lakini alikuwa akidhani meli yenyewe itakuwa ya ziwani, inayoonekana kutoka mlangoni kwake, hakujua kwamba mwaka 2008 mumewe angepata kazi katika meli za mizigo za nje, awe anaondoka miezi saba na kurudi mitatu.

Katika meli hizo alifanya kazi kwa bidii, akapanda cheo hadi mhandisi wa pili, na mwaka 2014 kampuni yake ikampeleka kusomea meli za aina mpya, zinazotumia gesi asilia badala ya mafuta mazito. Aliporudi likizo alikaa na mama yake jikoni akimweleza kwamba ni gesi ile ile inayotoka ardhini kule kwetu Mtwara na Lindi, ila hupozwa sana, baridi kuliko barafu yoyote aliyowahi kuishika mtu wa Matema, mpaka inageuka kimiminika kama maji na kukaa kwenye tangi, halafu ikipashwa joto inarudi kuwa gesi na kuingia kwenye injini. Mama Veronika, ambaye amechoma vyungu maisha yake yote, alimwambia hajawahi kusikia kuni za baridi, wakacheka. Lakini kazi ile aliipenda kweli, kwa sababu bomba la moshi la meli hiyo lilikuwa safi, na hata ikivuja gesi yake haielei juu ya maji kama mafuta.

Hapa tunafika kwa Ridhwani. Ridhwani alikuwa mtoto wa kiume wa Mzee Haruni, mfanyabiashara wa vitambaa mnayemfahamu pale Kyela mjini, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa, na mkewe Mama Salma. Mwaka 2011 kijana huyo alimwona Lusungu akiwa likizo, akatamani kazi ya meli, na baba yake akakataa kabisa, akisema ukoo wao ulitoka pwani ili watoto wasife majini. Lusungu alikwenda dukani, akakaa na Mzee Haruni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, akamweleza kazi ilivyo, mazuri yake na hatari zake, na Mzee Haruni alipoona mwanawe hatarudi nyuma, alimwuliza Lusungu swali moja tu, nani atakayemwangalia huko.

Lusungu akamjibu, "Nitamwangalia mimi, baba."

Ridhwani alisoma chuo kile kile, akahitimu mwaka 2015, na mwaka 2017 Lusungu akamwombea nafasi katika meli aliyokuwa akiifanyia kazi, wakawa pamoja, Mnyakyusa na Mswahili wa Kyela, wakipika wali usiku wa sikukuu na kugombana kuhusu nazi. Mama Salma anasema kila mwanawe alipopiga simu, sauti ya Lusungu ilisikika nyuma ikimsalimia.

Tarehe 21 Novemba 2018 meli yao ilikuwa imetia nanga katika bandari moja ya Bahari ya Baltiki, wakiwa wamemaliza kupokea gesi, na mabomba yalikuwa yakisafishwa kwa naitrojeni. Familia imeomba jambo hili lielezwe vizuri. Naitrojeni si sumu, haina harufu wala rangi, tunaivuta kila siku katika hewa tunayopumua, lakini ikijaa chumbani peke yake, anayeingia anakosa hewa ya kumweka hai, na hajui kwamba anaikosa, anaanguka tu kama mtu aliyezimwa. Siku hiyo vali moja ilikuwa ikiivujisha ndani ya chumba cha pampu za gesi, na kifaa kilichotakiwa kulia kuonya hatari kilikuwa kibovu, jambo lililothibitishwa baadaye na wachunguzi. Ridhwani aliona geji haisomi sawasawa, akafungua mlango akaingia kuiangalia, na baharia mwenzake aliyekuwa nje akamwona akianguka.

Lusungu alifika mbio, akamwona kijana wake amelala chini, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni, umbali ambao mtu angeweza kuufikia kwa hatua chache. Yule baharia, Mfilipino mwenye mwili mkubwa aliyempenda Ridhwani kama mdogo wake, alikuwa ameshainama kuingia. Lusungu alimvuta nyuma, akasimama mlangoni, akaushika mlango kwa mikono miwili pande zote, akaamuru feni za kuingiza hewa ziwashwe na mitungi ya hewa iletwe, kwa sababu alijua kila anayeingia kumwokoa mwenzake bila mtungi huanguka juu yake, na wa tatu huanguka juu ya wawili. Baharia alimsukuma, akampiga usoni, akamtukana kwa lugha yake akilia, na Lusungu hakuuacha mlango. Yeye mwenyewe alimweleza mkewe kwamba kumzuia yule Mfilipino hakukuwa kazi, kazi ilikuwa kujizuia yeye, maana miguu yake ilikuwa imeshageuka kuelekea ndani.

Mitungi ilipofika alivaa yeye na mwenzake mmoja, wakaingia, wakamtoa Ridhwani. Katika kumnyanyua, glovu ya Lusungu ilichanika, mkono wake wa kushoto ukagusa bomba lililoganda kwa ile gesi ya baridi, ngozi ikabaki pale, na baadaye alikatwa vidole viwili. Hakuhisi lolote wakati ule. Walimfanyia Ridhwani kila walilofundishwa, na madaktari wa bandari wakaendelea, lakini muda ulikuwa umeshapita. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Kampuni ilitaka kumtuma wakala wake kutoka Dar es Salaam awapashe wazazi habari, Lusungu akakataa, akaomba ndugu wa karibu wawaambie kwanza ili wasisikie mitaani, na yeye akasafiri na mwili. Tarehe 2 Desemba 2018 Ridhwani alizikwa Kyela mjini, na baada ya maziko, huku mkono wake ukiwa bado umefungwa bandeji, Lusungu alikwenda kukaa mbele ya Mzee Haruni. Waliokuwapo wanakumbuka kwamba mzee hakuuliza kuhusu vali, wala kampuni, wala sheria.

Aliuliza, "Mwanangu aliita?"

Lusungu akasema hakuita, hakupata nafasi ya kuita.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mlangoni, baba."

"Ndani au nje?"

"Nje."

Mzee Haruni alinyanyuka, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakumwamkia Lusungu wala kuitikia salamu yake kwa karibu miaka minne. Habari ikaenea Kyela kwamba Mwaikenda alimzibia mtoto wa watu njia asiokolewe, wengine wakaongeza kwamba alikuwa akilinda kazi yake, na watoto wake wakayasikia shuleni. Naomi alimsihi awaeleze watu, lakini Lusungu akasema atamweleza Mzee Haruni siku atakapotaka kusikia, wengine si wao waliofiwa.

Mwezi Machi 2019 aliacha kazi ya meli za nje, akarudi nyumbani, na mwezi Juni mwaka huo akaajiriwa kusimamia mitambo katika bandari ya Kiwira, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Alikuwa mtu mpole, na baada ya msiba ule akawa mpole zaidi ya ilivyofaa. Naomi anasema alikuwa akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda akiutazama mkono wake, na kila Ijumaa akienda mjini alipita mbele ya duka la vitambaa, anasimama kidogo, anatoa salamu, halafu anaondoka. Mama Salma alikuwa akiitikia kutoka ndani, kwa sauti ya chini, ili mumewe asisikie.

Mwaka 2022 lilikuja jambo lililowashangaza wengi. Wafanyabiashara wachache walitaka kuunda meli ya mizigo ya ziwa letu itakayotumia gesi, ije kwa malori kutoka pwani, na wakamwomba Lusungu awe mshauri wao. Watu walitegemea kwamba yeye, kuliko mtu yeyote, angesema hapana. Tarehe 20 Agosti 2022 uliitishwa mkutano katika ukumbi mmoja Kyela mjini, wenye mizigo wakaalikwa, na Lusungu akasimama akasema anaiunga mkono meli hiyo, kwa masharti, akaeleza kwamba ziwa hili halina mlango mkubwa wa kutolea uchafu, wala si pana kama bahari, mafuta yanayomwagika leo wajukuu wetu watayakuta, na kwamba gesi haikumwua mtu kwenye meli yake, aliyekufa aliuawa na chumba kilichoingiwa kabla ya kupimwa hewa na kifaa kibovu kilichoachwa ukutani. Alitaja jina la Ridhwani mbele ya watu wote, na watu wakageuka kumtazama Mzee Haruni, aliyekuwa ameketi mstari wa tatu, kwa kuwa naye ana mizigo inayopita ziwani.

Mzee akasimama. Akauliza kama Lusungu angemruhusu mtoto wake mwenyewe kufanya kazi katika meli ya namna hiyo.

Tunawaomba mfahamu kwamba swali hilo lilikuwa nyumbani kwake tayari. Atupele, binti yake wa kwanza, wakati huo akiwa kidato cha tano, alikuwa amemwomba ruhusa ya kusomea uhandisi wa meli, na mama yake alikuwa amekataa, na baba yake alikuwa hajasema neno.

Lusungu akajibu, "Ameshaniomba, baba. Mpaka leo sijaweza kumjibu."

Mzee Haruni akauliza swali la pili, kwamba siku ile, kama yeye mzazi angekuwa pale melini, na mwanawe amelala ndani, Lusungu angemfanya nini.

"Ningekuzuia," Lusungu akasema. "Ungenipiga, na bado ningekuzuia."

Mzee alichukua kofia yake akatoka, na Lusungu akarudi Matema akijua amelimaliza jambo hilo vibaya, akamwambia Naomi kwamba afadhali angeuma ulimi. Lakini Jumapili ya wiki iliyofuata, watu wakiwa wametoka kanisani, gari lilisimama mbele ya nyumba hii, akashuka Mzee Haruni pamoja na Mama Salma, wakakaribishwa, wakanawa, wakala wali na usipa. Baada ya kula mzee alisema kwamba miaka yote alikuwa akimwona Lusungu mlangoni, hakuwahi kujiona yeye mwenyewe, na tangu mkutano ule amejiona kila akifumba macho, anaingia ndani ya chumba kile, wala hasimami, na mkewe anazika wawili. Akasema hamlaumu tena. Halafu, na hili Naomi alilisikia kwa masikio yake, akasema, "Mpe mtoto wako jibu. Mimi nilimruhusu wa kwangu, na sijuti kumruhusu. Najuta kumkosa."

Lusungu alilia mbele ya wageni, na Naomi anasema hakuwa amemwona akilia tangu arudi na mwili wa Ridhwani. Mama Salma ndiye aliyeuchukua ule mkono wa kushoto, akauweka mapajani mwake, akakaa nao mpaka wakati wa kuondoka.

Meli ile haikuundwa. Mwaka 2023 wawekezaji walijitoa, barabara ilikuwa ndefu na gharama ya kuisafirisha gesi kutoka pwani ikawashinda, na Lusungu aliumia, ingawa alisema wakati wake utafika na watakaoijenga watakuwa wengine. Alibaki na kazi yake Kiwira, akawafundisha mafundi wote wa bandari kutokuingia tangi wala chumba chochote kilichofungwa bila kupima hewa, akirudia mpaka wakachoka, na yapo mabango aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, ambayo bado yamebandikwa pale. Atupele alimaliza kidato cha sita mwezi Mei 2024, akapewa ruhusa na wazazi wote wawili, na mwezi Novemba akaanza chuo Dar es Salaam.

Mwezi huo huo Lusungu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na kupungua mwili. Alipelekwa hospitali ya wilaya hapa Kyela, kisha Mbeya, ambako vipimo vilionyesha saratani ya tumbo, akafanyiwa upasuaji tarehe 18 Februari 2025, akapata nafuu, akarudi kazini kwa siku chache mwezi Aprili, na mwezi Juni hali ikabadilika. Madaktari walimweleza ukweli, naye akaomba arudishwe Matema. Mzee Haruni alikuja mara kwa mara, akikaa kando ya kitanda, hawaongei sana, mara nyingine mzee anasoma gazeti kwa sauti na mgonjwa amefumba macho. Atupele alikuwa kwenye mazoezi ya kazi katika meli ya kwenda Zanzibar, baba yake akakataza asiitwe, akisema mtoto amalize zamu yake, na hata alipoanza kushindwa kuongea alikuwa akimwuliza kwa simu injini inasomaje joto. Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, asubuhi, mke wake na mama yake wakiwa wamemshika, alitutoka akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Atupele alikuwa njiani, alikuwa amefika Mbeya.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi wa Kyela na Mbeya, ambao hawakumficha mgonjwa wao kitu, wafanyakazi wa bandari ya Kiwira na Itungi walioleta boti na turubai, usharika wa Matema na kwaya yake, majirani waliopika, waliochota maji na waliochimba kaburi kwenye ardhi hii yenye mawe, na akina mama wa Ikombe waliolala chini pamoja na Mama Veronika. Kwa Mzee Haruni na Mama Salma, walioleta sanda kutoka dukani kwao na kukataa kuulizwa bei, hatuna neno la Kiswahili linalotosha, tunasema kwa lugha ya nyumbani, ndaga fijo.

Atupele ameomba tuseme jambo moja kwa niaba yake, kwamba meli yake inaondoka Dar es Salaam tarehe 15 mwezi huu, naye atakuwamo.

Lusungu, mwana wa Sylvester, mume wa Naomi, baba wa watoto wako, kazi umeimaliza na zamu umekabidhi, lala sasa kwa utulivu, na amani ya Bwana ikufunike.